Abaayo, Kwa Nini Mlikaa Chini?

Abaayo Halimo,

Nimekaa chini. Naanza na hilo kwa sababu najua usingeamini. Niko kwenye zulia, mgongo nimeuegemeza kwenye sofa, miguu nimeinyoosha kama mtu asiye na kazi, na karatasi iko juu ya paja. Mto mmoja umeanguka na sijauokota. Hebu fikiria, mimi!

Sijui barua hii utasomewa na nani huko. Kusoma Kiswahili hukukupenda, ulisema maneno yetu ni marefu na hayafiki haraka. Lakini ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili, mimi niliyeitoa shuleni Kitui na wewe uliyeiokota sokoni, na Kisomali changu mpaka leo hakivuki salamu, hilo neno abaayo la kumwita dada, na bei ya nyanya. Kwa hiyo vumilia.

Uliondoka bila kuniaga na bado nimekukasirikia. Asubuhi tulisalimiana kwenye mfereji wa maji, ukaniambia nikitoka shule nipite dukani, kuna kitambaa kimeingia. Kabla ya adhuhuri ukaanguka palepale kwenye mapazia yako. Mimi nilikuwa nasimamia mtihani, simu iko kwenye droo. Niliporudi mtaani Iftin, ua wa ploti yetu ulikuwa umejaa viatu vya watu, na wewe ulikuwa umeshazikwa. Najua ndivyo ilivyo dini yenu, maiti hacheleweshwi. Lakini kwetu mtu hupewa siku kadhaa za kuzoea. Mimi nilifika nikakuta mambo yamekwisha, nikasimama katikati ya vile viatu nikitafuta vyako.

Sasa nikupe habari. Duka analiendesha binti yako Ifrah. Ameshamaliza shule, wewe unajua, na Kiswahili chake kimenyooka, anasema "pazia" na p yake kamili, si "bazia" yako. Wateja wa zamani wanamtazama kama amewauzia kitu kingine. Yule mama wa kambi ya Ifo aliyenunua kwako pazia la mlango kabla hajapata mlango wenyewe alikuja tena, amejenga chumba cha pili cha mabati. Ifrah akampunguzia bei bila kuombwa. Nilikuwepo, nikajua huyu ni mtoto wako.

Nyumba yangu ni safi. Hiyo ndiyo habari yenyewe, abaayo, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nikiiacha asubuhi imepangwa, jioni naikuta imepangwa. Mito imesimama ilivyosimama. Kile chombo cha udongo nilichokiweka pembeni na matawi makavu, ambacho uliniuliza kama ni kuni za kupikia, hakijasogezwa hata nukta. Zamani ningelipa mtu anipatie nyumba ya namna hii. Sasa nikifungua mlango nasimama pale na funguo mkononi, naitazama, na sitaki kuingia. Mama yangu anapiga simu kutoka Kitui kila Jumapili ananiuliza ninangoja nini kuomba uhamisho, maana mtu wangu wa Garissa alikuwa mmoja na ameenda. Nikajiambia hivi: kama hakuna mtu atakayeingia tena hapa bila kuitwa, basi nitaomba uhamisho nirudi kwetu, na hii sofa nitaiuza kwa yeyote.

Unaikumbuka siku sofa ilipofika? Lori kutoka Nairobi, sofa yenyewe imefungwa kwa nailoni, na wanaume wanne wanaibeba huku mimi napiga kelele wasiiguse kwa mikono michafu. Ulitoka mlangoni kwako na kikombe cha chai, ukaizunguka kama mtu anayenunua ngamia. Ukasema, "Mwalimu, rangi ya maziwa? Sisi maziwa tunakunywa, hatukalii." Nilicheka lakini moyoni niliudhika, nikuambie ukweli. Nilikuwa nimeingoja ile rangi mwaka mzima. Nilikuwa nimechagua zulia liendane nayo, na mapazia niliyachukua kwako kwa bei ya shemeji.

Halafu mkaja kuiona. Wewe na Ayeeyo Kheira, yule bibi yetu mzee wa Wajir anayekaa mlango wa mwisho, na wale wanawake wawili wa nyuma. Mkavua viatu, mkasema mashallah, mkakishika kitambaa chake. Kisha wote mkakaa chini! Wote, mmoja baada ya mwingine, mkaketi zuliani na kuegemeza migongo yenu kwenye sofa mpya kana kwamba niliagiza ukuta. Nikawaambia karibuni juu, jamani, kaeni juu. Mkasema hapa ni pazuri. Nikabaki nimesimama na sinia, sina pa kukaa, kwa sababu mwenye nyumba akikaa juu peke yake anaonekana kama hakimu. Basi nikashuka na mimi.

Na ikawa hivyo miaka yote. Ulikuwa unaingia salamu ikiwa mdomoni na mwili umeshafika katikati ya chumba. Birika lako mkononi, chai imeshawekwa sukari na iliki. Mara nyingine nilikuwa nimepanga vitu nipige picha, maana unajua lile kundi letu la simuni la wapenda nyumba, kila mtu anaonyesha kona yake. Mimi naita, abaayo ngoja kidogo, nipige kwanza. Wewe unasogea. Juzi nimezipitia picha zile zote nikikutafuta. Chumba kipo, mwanga wa dirishani upo, mtu hayupo. Nilikuwa karibu kuzima simu ndipo nikaona, kwenye kioo cha kabati, mgongo wako. Umeinama unamimina chai. Nimeikuza ile picha mpaka macho yakaniuma, nataka kujua ni kikombe changu au chako ulichoanza nacho. Haionekani.

Usinielewe vibaya. Sijaacha kupenda nyumba nzuri na sitaacha. Na wewe mwenyewe hukuwa na haki ya kunicheka, wewe uliyekuwa unageuza sebule yako kila Alhamisi, mito ya pale unaipeleka hapa, zulia unalizungusha, halafu unafukiza udi mpaka mimi mlango wa pili napiga chafya. Ulisema mama yako alikuwa anahamisha nyumba nzima juu ya ngamia na kuijenga upya kila mahali penye majani, na wewe umepewa nyumba ya mawe isiyohama, basi utahamisha vilivyomo. Nilipenda sana ulivyosema hivyo. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, ila wako ulikuwa wa kutembea na wangu ni wa kusimama.

Na lile neno lako! Kila ukiingia: "Mwalimu, umebamba nyumba mbaka inaogobesha." Mimi kwa ualimu wangu nikakurekebisha. Kupamba, abaayo. Pa. Kama papai. Ukaitikia kwa adabu zote, "Ndio, babai." Nikakueleza kwamba kubamba ni kukamata, kama askari anavyombamba mwizi, na vijana wetu wa shule wakisema kitu kimebamba wana maana kimewafurahisha. Ukasikiliza vizuri. Kesho yake mzigo wako ukazuiwa mpakani Liboi kwa ukaguzi, ukaja kunililia, "Mzigo wangu imebambwa," na wakati huohuo ukatazama mito yangu mipya ukasema, "Na hii nyumba imebambwa." Neno moja, sura moja, hukutofautisha hata kidogo. Nilidhani ni ile p yenu tu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Baada ya kuondoka kwako wanawake wa ploti walikuwa wakinisalimu vizuri sana, mwalimu habari ya kazi, mwalimu habari ya nyumbani, lakini nje, kwenye mfereji, kwenye kamba ya nguo. Hakuna aliyeingia. Nikaona labda wananisubiri mimi niseme. Basi nikawaalika. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu, nikapita mlango kwa mlango: Jumamosi saa kumi, karibuni chai kwangu. Nikapika mahamri. Nikatandika kitambaa cha meza, nikapanga vikombe vya maua, nikainyoosha mito. Nilifurahi siku ile, kusema kweli, mikono yangu ilikuwa na kazi.

Walikuja. Walikuja wote, wamevaa vizuri, wametia manukato, na Ifrah wako naye. Wakavua viatu, wakaniamkia. Na abaayo, walikaa juu ya sofa.

Wamebanana pale juu, magoti pamoja, vikombe wameshika kwa mikono miwili, wanatazama mbele kama wanaongoja kuitwa na daktari. Ayeeyo Kheira miguu yake haikufika chini. Ilining'inia. Hakuna aliyeegemea mto, walikaa mbele yake wasiupinde. Kila nilichoulizwa kilikuwa cha heshima, wazazi wako hawajambo, shule itafungwa lini. Chai kikombe kimoja kila mtu, hamri moja, wakashukuru, wakaondoka. Sofa ikabaki bila hata alama. Nilisimama pale nikalia kwa sauti, na sikujua hasa nalilia nini, maana nilikuwa nimepata kile nilichokitaka tangu lori lile lifike.

Swali likaanza kuniwasha. Kwa nini wakiwa na wewe walikaa chini, na bila wewe wamekaa juu? Nikafikiria kila kitu. Labda ni joto, sakafu ina baridi. Labda ni mazoea. Labda sofa yangu mliidharau, na hilo ndilo nililokuwa nimeliamini kimoyomoyo miaka yote. Nikaenda dukani nikamuuliza Ifrah. Nilimkuta anapima kitambaa. Nikamwambia niambie kweli, usinifiche kwa sababu mimi ni mkubwa.

Akacheka kwanza. Akasema, "Mwalimu, ile ilikuwa amri ya mama." Amri gani? Akasema kumbe siku ileile ya kwanza, mlipokuwa mnavua viatu mlangoni kwangu, uliwaambia kwa Kisomali mtu yeyote asikae juu. Uliwaambia mtu akikaa kwenye kile kiti, mwalimu hatakaa. Atazunguka na mito, atafuta, atanyoosha, atauliza kama mko sawa, na tutaondoka hatujamwona. Tukikaa chini, na yeye atakaa chini, na kiti chake kitabaki kizuri vilevile anavyokipenda. Na kila mgeni mpya uliyemleta ulimwambia hivyo hivyo mlangoni. Kwa hiyo walipokuja peke yao, wamealikwa kwa saa na siku, waliona sasa ni wageni wa kweli, wakafanya kama wageni.

Nilikaa kwenye ile stuli yako ya plastiki. Ulikuwa unanipangia nyumba yangu, wewe mwanamke! Miaka yote najiona mimi ndiye fundi wa pale ndani, kumbe kuna mtu aliyekuwa anawapanga watu kama mimi ninavyopanga mito.

Kisha udadisi ukanizidi nikauliza la pili. Nikamwambia Ifrah, mama alisema nini hasa kuhusu mimi na nyumba, kwa Kisomali, neno lenyewe? Kwenu hakuna hii habari ya p. Akafikiri. Akasema, "Alisema nyumba imemshika." Nikamuuliza, alitumia neno la kupamba? Hapana, akasema, kupamba tuna neno lake jingine kabisa. Hili ni lile la mbuzi akinaswa kwenye miiba, mwili mzima uko huru ila manyoya yameshikwa.

Ala! Kumbe ulikuwa unajua. Nakufundisha pa, pa, papai, na wewe unaitikia babai, na moyoni umeshasema ulichotaka kusema. Hukunisahihisha mimi. Ungeweza kunigombeza, ungeweza kuniambia Mueni punguza. Hukupunguza chochote. Ulizunguka tu ule mwiba ukaja ukakaa upande wangu. Nakupenda sana, sikukuambia, kwa sababu mtu hamwambii jirani wa mfereji maneno kama hayo.

Tangu siku ile nimekuwa nachunguza kila kitu nilichokizoea. Lile birika, kwa mfano. Nilidhani unaleta chai kwa sababu chai yangu huipendi, haina iliki. Au ulileta ili nisikimbilie jikoni? Na ule mchezo wako wa kuweka sinia sakafuni katikati, mbali na meza? Na siku ile mtoto wa dada yako alipomwaga mchuzi zuliani, ukaweka mguu juu ya doa ukaendelea na hadithi yako ya yule bwana harusi wa Mandera mpaka mwisho, ndipo ukauinua mguu, nami nilikuwa nimeshacheka mno kukasirika. Hilo nalo ulilipanga? Ningetoa kitu kikubwa kujua. Ifrah anasema hajui, labda ulisahau tu mguu pale.

Nilimuuliza niwaambieje sasa, nirudi mlango kwa mlango nitangaze kwamba karibuni chini? Akanitazama kwa huruma. "Hakuna kutangaza, Mwalimu. Wewe fungua mlango, shusha pazia, ukae." Na ni kweli, sikuwa nimelitazama hilo. Nyumba zenu zote mchana mlango uko wazi na pazia limeshuka, mtu akipita anajua mwenyewe yuko. Wangu unafungwa kwa ajili ya vumbi, kwa ajili ya hii rangi ya maziwa. Basi nikanunua pazia la mlango. Ifrah alitaka kunipa lile jekundu lenye maua ya dhahabu na shada chini. Nikamwambia nimefiwa, sijapofuka. Nikateremsha vitambaa mpaka duka likawa kama limevamiwa, nikachukua kimoja cha rangi ya maji ya Mto Tana mvua ikinyesha, ambacho vumbi likikikalia halionekani na kinaendana na kila kitu nilicho nacho. Ungekiona ungesema ni rangi ya chai iliyochemka sana. Sawa. Lakini kimekaa vizuri, abaayo, kimekaa vizuri mno.

Wiki nzima nimekuwa nikirudi shule, nafungua mlango, nashusha pazia, nakaa hapa sakafuni. Vumbi linaingia na nimeliacha liingie, nalifuta asubuhi. Jumatatu aliingia mbuzi. Alitazama matawi yangu makavu, nafikiri alikuwa na mawazo kama yako, akala moja akatoka. Siku nyingine hakuna. Nasikia viatu vinapita nje, vinapunguza mwendo, vinaendelea. Mimi moyo unanidunda kama msichana anayengoja posa. Jana nilisema, basi, nikifika Jumatatu bila mtu, nampigia mama namwambia nakuja.

Leo ni Jumamosi na hewa imesimama, hata wale ndege wakubwa wa vipara wameacha kugombana juu ya mwarobaini. Nimeona niitumie nafasi hii nikuandikie, na mwisho wa barua nimeshauandaa, nilishaupanga kichwani tangu asubuhi, ni mzuri, wenye maneno ya kukuaga inavyokustahili. Halimo, rafiki yangu, mlango wangu wa kwanza katika mji huu, nakuahidi kwamba tangu leo

Nimerudi. Nilikatizwa, na ule mwisho mzuri umenitoka wote.

Ayeeyo Kheira ameingia. Hakuitwa. Alisema salamu akiwa ameshafika, akaketi hapa ubavuni kwangu kwa kishindo, akaomba maji. Nyuma yake wale wawili wa ua wa nyuma, mmoja na bakuli la mchele anaouchagua, na mwingine amembeba mtoto aliyelala, akamlaza juu ya sofa kama mkate. Mtoto anatoa udenda. Nauona unavyoshuka kwenye kitambaa, abaayo, nauona vizuri kabisa, na nimekaa. Ifrah amefika sasa hivi, amefunga duka mapema. Chai imeletwa na nani sijui.

Ayeeyo Kheira ameniuliza naandika nini. Nikamwambia barua, kwa Halimo. Akasema, "Mwalimu, barua haifiki kwa maiti. Dua ndio inafika." Akainua mikono, nao wakainua, akakuombea dua ndefu ambayo sikuielewa ila jina lako. Nami niliinua mikono yangu ya Kikristo nikaitikia amin. Ifrah alilia, nikamshika. Kisha wa mchele akaendelea na mchele.

Basi ahadi yangu ni hii, fupi, maana wananisemesha na kalamu inaruka. Mama nitampigia kesho nimwambie sirudi. Nitaendelea kuipenda nyumba hii na kuipanga asubuhi, na mchana mlango utakuwa wazi. Ifrah nitamwangalia. Nitakuwa nakuuliza maswali, usichoke. Kwaheri, dada yangu. Lala salama.

Mueni

Nimeshaweka jina, na Ayeeyo Kheira amenishika mkono. Anatazama karatasi, yeye asiyejua kusoma, ananionyesha kwa kidole mahali peupe. Anasema, "Kama nafasi iko habo chini, andika Kheira anasalimia."